Mkono Niliompungia Wambui

Jumapili, wiki ya pili ya Julai. Baridi. Jua halijajitokeza tangu asubuhi, manyunyu yanakuja na kuondoka, na nguo nilizoanika juzi kwenye roshani bado zina unyevu. Saa hii ni kumi na moja na nusu jioni. Nimekaa kitandani na soksi mbili mbili miguuni.

Leo nimesema jambo ambalo nimetembea nalo tangu Februari. Nimelisema kwa mtu mmoja, kisha kwa wa pili. Sasa nataka kulisema hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipowadanganya watu wengi zaidi.

Mnaosoma blogu hii tangu zamani mnakumbuka niliyoyaandika Januari. Kwa mnaofika leo: naitwa Nekesa. Nina miaka ishirini na saba, nakagua chupa katika kiwanda cha sabuni, naishi ghorofa ya tano hapa Tassia, na nina pikipiki nyekundu ambayo majirani wanaijua kuliko wanavyonijua mimi. Januari niliandika kwamba huu ungekuwa mwaka wa barabara. Safari kumi na mbili, moja kila mwezi, mimi na rafiki yangu Wambui, kila mmoja na pikipiki yake.

Mpango tuliuchora sakafuni kwangu, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Januari tungeanza na Machakos, tujaribu magurudumu. Februari tushuke Magadi. Machi tuzunguke Mlima Kenya. Aprili, kwa sababu ya mvua, tusiende mbali zaidi ya Thika. Juni ilikuwa yangu: Bungoma, nyumbani kwa mama, ambaye mpaka leo hajui kwamba naendesha pikipiki. Nilitaka kuingia langoni na helmeti kichwani, nimwone akiniita kijana na kuniuliza namtafuta nani. Agosti ilikuwa ya Wambui: Marsabit, na kutoka hapo mpaka Moyale. Ile barabara ya kaskazini alikuwa akiitazama kwenye simu vile wasichana wengine wanavyotazama picha za harusi. Mwezi wa Disemba hatukuujaza. Wambui aliandika tu, "Popote."

Machakos tulienda na tukarudi salama. Picha mliziona.

Kuhusu Februari niliandika aya mbili fupi. Nilisema tulipata ajali kwenye barabara ya Magadi, kwamba lori la mchanga lilikuja kwa kasi na kumgonga Wambui, na nikawaomba mmwombee. Mliomba. Wengi mlimlaani dereva pia. Mmoja wenu aliandika kwamba watu kama yule wanyimwe leseni maisha yao yote, na mimi nikaweka alama ya moyo chini ya maneno hayo.

Lori halikuwa na kasi.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, polepole, kwa sababu nimeizoea ile hadithi nyingine mpaka ulimi unaikimbilia wenyewe.

Wambui ni fundi wa stima. Alizaliwa Dandora na bado anaishi hapo na mama yake. Katika kundi lao la mafundi yeye ndiye mwanamke pekee, na ndiye wanayempandisha ngazi kazi ikiwa juu sana, kwa sababu hatetemeki. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Miaka mitatu iliyopita, kwenye uwanja wa vumbi karibu na kwao, alikimbia kando yangu ameshika kiti cha pikipiki, akiniambia niachilie klachi taratibu, taratibu, mpaka siku moja nikatazama kando nikakuta hayupo na bado nasonga. Yeye ni mwangalifu. Mimi ndiye mwenye haraka. Hili kila anayetujua analijua.

Tulikuwa na utaratibu aliouweka yeye, si mimi. Tunabadilishana kutangulia. Anayetangulia ndiye macho ya mwenzake. Akinyoosha mkono wa kushoto kuelekea chini, wa nyuma abaki alipo. Akiupunga kwenda mbele, basi barabara ni nyeupe, haina kitu, njoo.

Jumamosi ile zamu ya kutangulia ilikuwa yangu.

Tulikuwa tumeshapita Kiserian na mteremko wa kwanza. Asubuhi ilikuwa safi, upepo wa joto unapanda kutoka kule chini, na mbele yetu pikapu imebeba marobota ya nyasi inajikokota. Nyasi zilikuwa zinapeperuka na kutuingia kwenye kola. Nilichungulia, nikaona nafasi, nikaipita. Nilipokuwa mbele yake barabara ilikuwa inazama kwenye bonde dogo halafu inapanda tena upande wa pili. Ule mpando niliuona wote, na haukuwa na kitu. Ndani ya bonde sikuwa nimeona bado. Ilikuwa nisubiri sekunde mbili au tatu, nifike ukingoni.

Sikusubiri. Nilinyoosha mkono wa kushoto nikaupunga mbele mara mbili.

Na niseme kilichokuwa kichwani mwangu wakati huo, kwa sababu hiki ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Nilikuwa naandika. Nilikuwa natunga sentensi ya kwanza ya kile ambacho ningewaandikia nyinyi jioni ile, jambo fulani kuhusu nyasi na upepo. Nilitaka Wambui afike karibu yangu ili nimpige picha tukishuka.

Lori lilitoka bondeni likiwa upande wake. Narudia: upande wake. Lilikuwa limejaa mchanga, lingewezaje kuwa na kasi likipanda? Lilinipita. Kisha nikasikia breki, na honi ya pikapu, na mlio ambao sitauandika.

Wambui alivunjika mfupa wa paja na nyonga. Hakumbuki chochote cha asubuhi ile baada ya Kiserian. Madaktari walisema inawezekana asikumbuke kamwe.

Dereva wa lori aliruka chini kabla mimi sijageuza pikipiki. Ni mtu mzima, ndevu zina mvi, anaitwa Bwana Nzioka. Alizuia magari pande zote mbili. Alinikataza kumvua Wambui helmeti, akatoa shuka ndani ya lori akamfunika, akapiga magoti kwenye lami akawa anamsemesha kwa jina lake, ambalo aliniuliza mimi. Ndiye aliyesimamisha gari lililotufikisha hospitali. Kabla hatujaondoka alichukua namba yangu na kunipigia pale pale, ili niwe na yake.

Kesho yake nilienda kituo cha polisi cha Kiserian kuandika maelezo. Askari aliniuliza kama lori lilikuwa na kasi, nikasema ndiyo. Akaniuliza kama lilivuka mstari, nikasema ndiyo. Hakuniuliza kama nilipunga mkono, nami sikumwambia. Nilitia sahihi. Mambo yote hayakuchukua hata nusu saa.

Sikupanga kudanganya. Najua kila mwongo husema hivyo. Lakini nilikuwa sijalala, Wambui alikuwa chumba cha upasuaji, na mama yake alikuwa amenishika mkono kwenye benchi tangu usiku akirudia swali moja tu, ni nani aliyemfanyia mwanangu hivi. Nilipoulizwa kuhusu lori, nilijikuta tayari nina jibu la swali la mama.

Bwana Nzioka alinipigia simu mara tano wiki zile za kwanza. Sikupokea hata moja. Namba yake niliihifadhi kwa jina "Usipokee".

Baadaye nilisikia kwamba leseni yake imeshikiliwa na kwamba mwajiri amemsimamisha kazi mpaka kesi iishe. Niliambiwa na Mama Wambui, na aliniambia kwa furaha, akidhani ananituliza.

Tangu Wambui atoke hospitali, nimekuwa nikienda Dandora kila Jumapili. Mama Wambui anauza nguo za mitumba za watoto Gikomba, na Jumapili ndiyo siku yake pekee ya kukaa. Akitoka kanisani anapika, na sahani yangu huwa tayari mezani kabla sijabisha hodi. Ananiita mwanangu. Watu wa ibada yao wakija kumwona Wambui, mama huwaambia kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Nami huangalia sahani.

Pikipiki naiacha mbali, karibu na kituo cha mafuta, nitembee. Sijui kwa nini. Nadhani sitaki Wambui asikie mlio wake kisha anione nikiingia na miguu yote miwili.

Jumatano iliyopita askari aliyeandika maelezo yangu alinipigia. Kesi ya Bwana Nzioka itaanza kusikizwa mwezi ujao. Mimi ndiye shahidi wa kwanza. Nitashika kitabu kitakatifu, niulizwe, nijibu. Niliirudisha simu mfukoni nikarudi kukagua chupa. Chupa zenye ufa zilinipita mpaka msimamizi akanishika bega.

Hivyo ndivyo nilivyofika leo.

Nilimkuta Wambui amekaa karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, magongo yameegemezwa ukutani. Alikuwa amechangamka kuliko nilivyomwona tangu ajali. Juu ya mapaja alikuwa na daftari la shule, la mistari, jalada la bluu. Aliniambia nikae haraka, ana kitu.

Alikuwa ameandika mpango mpya.

Miezi yote hii ya kukaa ndani, kumbe alikuwa akipanga upya mwaka wetu. Safari zilizobaki alizihesabu akazipeleka mbele. Mwezi huu niende Thika, peke yangu, nizoee tena. Agosti nizunguke Mlima Kenya. Septemba Narok. Oktoba Bungoma kwa mama. Kila ukurasa ulikuwa na barabara aliyoichora kwa kalamu, mahali pa kujaza mafuta, mahali pa kulala, mahali ambapo watu wamesema kuna mashimo. Pembeni alikuwa ameandika niangalie nini: kona hii ina changarawe, hapa ng'ombe huvuka jioni. Nilitakiwa nimpigie simu kila nikisimama, nimwonyeshe kila kitu kwenye kamera. Na Disemba, daktari akikubali, angepanda nyuma yangu twende Marsabit. Moyale tungeiacha ya mwaka ujao, akiwa ameweza kuendesha mwenyewe.

Alinieleza yote hayo kwa dakika kama ishirini, akifungua kurasa. Nilisema ndiyo, ndiyo, ni vizuri. Aliniuliza mbona sisemi kitu kingine. Nikasema ni baridi.

Sijawahi kuona mtu ameniamini hivyo. Kwenye kila ukurasa kulikuwa na jina langu.

Mama alituita mezani, yaani alileta meza pale Wambui alipo. Mukimo na mchuzi wa nyama. Alituambia tufumbe macho. Aliomba kwa ajili ya mguu wa Wambui, kwa ajili yangu na barabara nitakazopita, kwa ajili ya mama yangu Bungoma, ambaye hajawahi kukutana naye lakini humwombea kwa jina. Halafu sauti ikabadilika, kama inavyobadilika kila Jumapili anapofika hapo.

"Na yule mtu, Bwana, asishike tena usukani maishani mwake."

Wambui akasema amina. Nami nilikuwa nimesema amina hiyo Jumapili zote zilizopita. Leo mdomo ulifunguka na amina haikutoka.

Tulikula. Mama akaenda jikoni kuweka chai. Jikoni kwao kuko nje, kuvuka ua, kwa hiyo nilijua nina muda wa maji kuchemka. Nilikuwa nimepanga niongee kwa mpangilio, nianze na pole, nieleze. Hakuna kilichotoka kwa mpangilio.

"Lori halikukosea," nilimwambia. "Ni mimi. Nilikupungia mkono kabla sijaona bonde lote."

Aliniangalia kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ambayo anaijua kidogo. Nikarudia. Nikamwambia kuhusu pikapu, na mpando uliokuwa mtupu, na mkono wangu wa kushoto. Nikamwambia niliyoandikisha polisi. Nilianza kulia, na niliona aibu kwa kulia, kwa sababu kilio kilikuwa haki yake, nami nilikuwa nakimaliza.

Yeye hakulia. Alifunga daftari.

"Uliangalia?" aliniuliza.

"Niliangalia ng'ambo. Bondeni sikuangalia."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Hilo lingekuwa jibu rahisi, na pengine angelikubali. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa natunga cha kuandika kwenye blogu.

Alitoa pumzi kwa pua, kitu kilichokaribia kicheko lakini hakikuwa kicheko. Akautazama mguu wake kwenye stuli. Kuna kovu refu linaloanzia nyongani, na leo kwa sababu ya baridi alikuwa amelifunika kwa leso ya mama.

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano unakula na mama yangu."

Nadhani kama angenirushia sahani ningepata nafuu, lakini Wambui si mtu wa kurusha vitu. Aligeuka akaangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia isipokuwa ukuta wa ploti ya jirani na kamba ya nguo. Aliniambia kwamba usiku mwingine hukaa macho akijaribu kukumbuka. Kwamba alikuwa ameamua kosa ni lake, kwamba alipita vibaya kwa haraka, ila hataki kumwambia mama. Kwamba alikuwa anamwonea huruma yule dereva kimoyomoyo, na anasema amina ili mama asiumie. Aliyasema haya bila kunitazama, sauti ya chini kabisa, kama anayasoma mahali.

Hilo sikulijua. Nilidhani uongo wangu unamwumiza mtu mmoja.

Mama aliingia na chupa ya chai na vikombe. Akasimama akatuangalia. Aliuliza mbona tumenyamaza hivi, kuna nini. Wambui alimjibu kwamba Nekesa anaondoka, amepigiwa simu.

Basi mama akaanza kuhangaika, eti siwezi kutoka kwenye baridi ile bila chai. Nilipokataa alirudi jikoni mbio akaja na mukimo uliobaki ndani ya kopo la plastiki, akalifunga kwa karatasi mbili, akalitia mkobani mwangu mwenyewe. Alinifunga skafu shingoni. Akanishika mashavu akaniambia niendeshe vizuri, kwa sababu amebaki na mtoto mmoja mzima. Nilimtazama Wambui. Alikuwa bado anaangalia dirishani.

Nilitembea mpaka kituo cha mafuta. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Waendeshaji bodaboda wa kijiwe cha pale wananijua, mmoja akaniuliza, "Niaje Nekesa, mgonjwa anaendeleaje?" nikamwambia anaendelea vizuri. Nilishindwa kuwasha pikipiki. Si kwamba ilikataa. Nilikaa juu yake na ufunguo mkononi, nikafikiria nimwachie mmoja wao aiendeshe nami nikae nyuma. Mwishowe niliiwasha, nikashika barabara ya Outering kwa mwendo wa mtu anayejifunza. Malori yalinipita moja baada ya jingine, kila moja kwenye njia yake, na kila dereva nilimwangalia usoni.

Nilipofika nyumbani, kopo la mukimo lilikuwa bado na joto. Nimeliweka kwenye meza. Siwezi kulila na siwezi kulitupa.

Saa tisa na robo simu ililia. Ujumbe wa Wambui, mistari mitatu.

"Mama nitamwambia mwenyewe. Wewe usije kwa sasa. Dereva mwambie leo."

Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni na jaketi bado mwilini. Nilikuwa nimejiambia kwamba dereva nitamwambia kesho, au Jumanne, nikishajua niseme nini. Wambui alinijua. Hata akiwa na hasira kiasi gani bado ananijua, na aliandika "leo".

Nikatafuta "Usipokee". Nikabonyeza.

Ilipokelewa mara moja. Nyuma yake kulikuwa na redio, kwaya inaimba. Akauliza anaongea na nani. Nikasema ni Nekesa, yule wa pikipiki nyekundu, barabara ya Magadi. Akaizima redio.

"Yule msichana anatembea?" ndilo jambo la kwanza aliloniuliza.

Nilimwambia anatembea na magongo, na kwamba daktari ana matumaini. Nikamsikia akimshukuru Mungu kwa Kikamba. Alisema alikuwa akipiga simu kuuliza hilo tu. Baadaye akaona pengine kupiga kwake kunaonekana kama anatutisha kwa sababu ya kesi, akaacha.

Ndipo nikamwambia. Mara hii nilisema kwa mpangilio: nilichofanya barabarani, nilichoandikisha, kwamba nitashuhudia mwezi ujao na kwamba siwezi kushuhudia yale. Nilisema maneno "nilidanganya" bila kuyapamba. Nilipomaliza nilisubiri atukane. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Najua," alisema. "Mkono wako niliuona."

Nilimwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba alisema. Aliwaambia polisi siku ile ile kwamba alipotokeza bondeni mkono wangu ulikuwa bado unapunga, na akamwambia tena mwajiri wake. Hakuwa na ukali hata kidogo, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Mwenzako alikuwa ameumia, na wewe ulikuwa unalia. Mimi nilikuwa na lori. Wangemwamini nani?"

Nikasema pole. Nilisema pole mara nyingi, nadhani, mpaka akanikatiza kwa upole. Hakuniambia kwamba yamekwisha. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alisema pole nitamwambia kesho, nikishaandikisha. Aliniuliza naweza kufika kituoni saa ngapi, na nikasema saa mbili asubuhi. Alisema yeye anaishi Majengo, atatoka mapema, atakuwa langoni. Hataingia ndani nami, ili isionekane kwamba amenilazimisha. Atasimama nje tu, ajue limefanyika.

Aliniuliza nitaenda na nini. Nikamwambia na pikipiki. Akasema asubuhi kutakuwa na ukungu kule juu kabla ya Kiserian, niende polepole.

Nimeshamwandikia msimamizi wangu kwamba kesho sitafika kazini. Sijui askari atafanya nini nikimwambia kwamba maelezo yangu ya kwanza ni ya uongo. Huenda nikashtakiwa. Nimejiuliza swali hilo tangu Jumatano, na kusema kweli ndilo lililonichelewesha, zaidi ya urafiki na zaidi ya mama. Niliogopa kwa ajili yangu. Sasa naogopa vile vile, ila nimechoka.

Kuhusu mwaka wetu wa barabara, mnaouliza kwenye maoni: sijui. Wambui hajafuta safari zile, wala hajaniambia nisiende. Hajaniambia chochote isipokuwa mistari ile mitatu. Safari ya kesho haimo kwenye mpango wowote, wa kwake wala wa kwangu. Sitapiga picha. Sitaiandika hapa nikiwa njiani, hata kichwani. Nitaangalia barabara.

Na nyinyi mlioandika kumlaani yule dereva, tafadhali futeni. Anaitwa Bwana Nzioka, na alikuwa upande wake.

Kabla hajakata simu alikumbuka jambo moja. Alisema asubuhi pale langoni huwa na watu wengi, kwa hiyo atavaa sweta ya kijani, nisije nikapita bila kumtambua.

Nilimwambia asante. Sikumwambia kwamba uso wake nauona kila siku tangu Februari.